Mlango wa Uani wa Nyumba ya Bi Zuwena

Wapo watakaosema uzee umenila akili. Waseme. Nimesoma hadi kidato cha nne, nimeshika funguo za hoteli miaka mingi, na ninajua tofauti ya jambo nililoliona na jambo nililoliota. Hili nililiona kwa macho haya, jua likiwa utosini, nikiwa nimeshiba wala sina homa. Tena nisingekuwa na sababu ya kulitunga, maana katika kisa hiki mtu mbaya kuliko wote ni mimi. Nani akae atunge kisa cha kujiaibisha?

Hoteli yenyewe ipo Mji Mkongwe wa Bagamoyo. Jina lake nitalimeza, kwa sababu watu bado wanakula kwayo. Ni nyumba ya mawe ya matumbawe na chokaa, ina orofa ya juu, na kuta zake ni nene kiasi kwamba ukiwa ndani mvua huisikii mpaka uione. Aliijenga babu mkubwa wa Bi Zuwena, Mwarabu aliyekuwa akipokea misafara ya pembe za ndovu kutoka bara. Serikali imeiandika katika majengo ya kale yanayolindwa. Huwezi kupigilia msumari bila ruhusa. Nimeona fundi akifukuzwa kazi kwa kupaka saruji mahali palipotakiwa chokaa.

Bi Zuwena alikuwa wa mwisho katika ukoo ule kubaki Bagamoyo. Alimkodisha nyumba tajiri mmoja wa Dar kwa sharti kwamba yeye abaki katika chumba chake cha juu mpaka Mungu atakapomchukua. Mimi nilikuwa msimamizi. Nilipokea wageni, nilitunza funguo, na jioni niliwakalisha wageni ukumbini nikawasimulia historia ya nyumba: pembe zilipimwa pale, vitambaa viliwekwa kule, nakshi ya mlango huu maana yake hii. Niliisimulia vizuri, msinione hivi. Ila kuna kipande tajiri alinikataza. “Mzee, wageni hawalali penye maiti,” aliniambia.

Kipande chenyewe ni hiki, na alinipa Bi Zuwena mwenyewe.

Zamani zile, msafara mmoja uliingia mjini na ndui. Mwanamke mmoja, mke wa mpagazi aliyefia njiani, alikuja na mtoto mgongoni mpaka mlango wa uani wa nyumba hii, saa ya jua kali, akapiga hodi. Bibi wa nyumba alikuwa juu, akajibu “karibu,” kama mtu yeyote muungwana anavyojibu. Bwana wa nyumba akachungulia dirishani, akaona malengelenge, akaamuru mlango usifunguliwe. Yule mwanamke alikuwa amekwisha kuambiwa karibu. Akakaa pale pale akipiga hodi, akiomba maji, mpaka sauti ikamwisha. Mtoto alitangulia. Baadaye yakaanza mambo ya hodi saa ya adhuhuri na mtu haonekani, kikasomwa kisomo, na mwisho baba yake Bi Zuwena akauziba mlango kwa mawe.

Ulikaa umezibwa hivyo mpaka zama zetu hizi za simu. Tajiri alipotaka kukarabati, wataalamu wa majengo ya kale walikuja wakapima, wakasema ule mlango ni sehemu ya nyumba ya asili, mawe yatolewe, urudishwe kama ulivyokuwa. Walikuwa sahihi kwa kazi yao. Nani angewaambia habari ya hodi?

Siku mafundi walipoangusha lile jiwe la mwisho, Bi Zuwena aliniita chumbani kwake.

“Baba Mwanaidi,” akasema, kwa kuwa ndivyo alivyoniita kwa jina la binti yangu, “mmeshafungua. Siwalaumu. Basi shika hili moja. Ukisikia hodi pale mchana, usiseme karibu. Muulize jina lake na jina la mama yake. Binadamu atakujibu. Yule hana wa kumtaja, mama yake alizikwa njiani hata yeye hakumbuki wapi. Umenisikia?”

“Nimesikia, Bibi.”

“Umesikia au umeitikia?” Akamalizia kwa kikohozi chake kidogo, kama kila alipomaliza kusema.

Nilicheka. Nilipoteremka nikamsimulia Kibwana, fundi mkuu, kijana wa Mbagala mwenye maneno mengi. Akaweka mwiko chini ili acheke vizuri.

“Jini anapiga hodi? Basi majini wa Bagamoyo wana adabu kuliko watu wa Dar! Kwetu hata mwizi hapigi.”

Tukacheka wote. Na Mwanaidi naye alikuwepo, amekuja na chapati zake za kuwauzia mafundi, tumbo limetangulia mbele. Ilikuwa mimba yake ya kwanza, aliyoipata baada ya kuhangaika miaka. Alikuwa akikaa na mumewe Shabani katika chumba cha kupanga nyuma tu ya magofu yaliyopakana na hoteli, na mlango ule ulimfupishia njia. Akauliza, “Mnacheka nini, baba?” Nikamwambia mambo ya kazi. Kwetu mjamzito hasimuliwi mambo ya kutisha; yanamshukia mtoto. Niliifuata mila hiyo kwa uangalifu mkubwa. Laiti ningeivunja.

Ijumaa iliyofuata mafundi walikwenda msikitini. Mimi nilibaki. Nilikuwa na tabia ya kujipa udhuru wa ulinzi, na ukweli ni kwamba nilipenda kukaa kwenye ubaridi wa ukumbi bila mtu wa kunisumbua. Hapakuwa na mgeni hata mmoja, Bi Zuwena alikuwa juu amelala. Nilikuwa napanga funguo.

“Hodi.”

“Karibu!” nikasema.

Basi. Ndivyo lilivyotoka, jepesi kama chafya. Kazi ya hoteli ni neno hilo. Mama yake Mwanaidi, kabla hatujaachana, alikuwa akinicheka kwamba hata usingizini nakaribisha watu. Nililisema kabla sijakumbuka hodi imetoka mlango upi.

“Hodi tena.”

“Ingia, pako wazi.”

Aliingia mwanamke amevaa kaniki, vumbi jekundu la bara limempanda hadi magotini, mtoto amembeba mgongoni kwa mbeleko. Uso alikuwa ameufunika nusu. Nikadhani ni mama kutoka Fukayosi huko, ametafuta hospitali akapotea. Hakunisalimu. Alisimama katikati ya sakafu, akasema:

“Umesema karibu?”

“Nimesema, dada. Una shida gani?”

“Hata wale walisema.”

Niaminini, hata hapo sikuelewa. Nilimwona mtu amechoka, nikachota maji mtungini kwa kikombe cha bati nikampa. Akanywa kwa pupa. Nikasikia maji yakichuruzika. Nikatazama chini. Maji masafi yalikuwa yakitoka chini ya kaniki yake na kutambaa sakafuni kuelekea viatu vyangu, yale yale aliyoyanywa, kama umeyamimina katika chungu kilichotoboka. Akaninyooshea kikombe nimwongeze. Nikamwongeza, mkono ulikuwa ukifanya wenyewe. Yakapita vile vile.

Mdomo wangu ukauliza jambo la kijinga: “Na mtoto je?”

Akanigeuzia mgongo nimwone. Ndani ya mbeleko palikuwa na umbo la kichwa kidogo, nguo imekauka juu yake kama ngozi ya ngoma.

“Huyu hanywi,” akasema. “Aliacha kunywa hapo nje.”

Sasa niambieni, mtu mwenye imani angefanya nini? Angesoma anachokijua, angemwombea, angemwachia hata hayo maji. Mimi nilichukua ufagio. Ndiyo, ufagio. Mtu wa pwani anajua maana ya kumpiga mgeni kwa ufagio: umemfanya takataka. Nilimpiga nao huku nikipiga kelele “Toka! Toka kwenye nyumba ya watu!” na ufagio ukawa unapita kama unapiga moshi, ila mara moja ulimgusa mtoto, na hapo nilisikia umegonga kitu kikavu.

Hakukasirika. Hilo ndilo lililonitisha zaidi.

“Nyumba hii inajua kusema karibu,” akasema. “Kufungua ndiyo haijui. Nimeshaingia sasa, nitakaa niione inavyofanya.”

Akapanda ngazi. Nyayo zake za maji zilifika ngazi ya katikati, zikakoma.

Nikachukua tambara nikapiga deki. Mafundi waliporudi waliikuta sakafu inang'aa, Kibwana akaniuliza kama natafuta mchumba. Sikumwambia mtu. Kibwana nilimwogopa kwa kicheko chake, tajiri nilimwogopa kwa kazi yangu, Bi Zuwena nilimwogopa kwa sababu angeniuliza lile swali lake la kusikia na kuitikia. Nilifanya kitu kimoja tu: kila adhuhuri ilipokaribia, nilikwenda mwenyewe kulisukuma komeo la mlango wa uani, nikalijaribu mara mbili.

Mwanaidi aliona. “Baba, siku hizi unageukageuka kama kuku aliyeona mwewe. Na mlango unanifungia kwa nini? Jana nimezunguka jua lote na tumbo hili.”

“Wezi,” nikamwambia.

“Wezi wa nini, chokaa?” Akacheka, akanipa chapati. “Mjukuu wako akija nitampitisha mlango huu huu. Atapita kama sultani.”

Nikala chapati.

Ikaja Ijumaa nyingine. Umeme ulikuwa umekatika tangu jana yake na simu yangu ilikuwa imezima. Mafundi wakaenda msikitini, mpishi akaenda sokoni kutafuta samaki. Shabani, mume wa Mwanaidi, alikuwa Fukayosi shambani kwao. Mimi nikabaki ukumbini, komeo limefungwa, nikiwa nimeelekeza kiti changu nione mlango wa uani na ngazi kwa pamoja.

“Hodi.”

Nikashika mikono ya kiti.

“Hodi! Baba!”

Ilikuwa sauti ya Mwanaidi. Nikainuka. Nikafika mlangoni. Mkono wangu ulikuwa umelishika komeo, nakuapieni, nililihisi chuma.

“Nani?” nikauliza.

“Mimi, baba. Nifungulie.”

“Mimi nani?”

“Baba, ni mimi! Uchungu umenishika, hauko sawa, damu inatoka. Fungua.”

Nani kati yetu, akipiga hodi akaulizwa nani, hutaja jina? Sote husema “mimi.” Mama husema mimi, jirani husema mimi. Yule wa Ijumaa ile ya kwanza angesema nini kama ningemuuliza? Nikakaza sauti.

“Taja jina lako. Na jina la mama yako.”

Nikasikia akipumua kama mtu anayenyanyua mzigo. Kisha akasema, polepole, kwa heshima, kama mtoto anayemjibu mwalimu:

“Mwanaidi. Mama yangu Tatu. Tatu binti Mwinyi. Baba, tafadhali.”

Alijibu. Nataka mlielewe hili vizuri kuliko yote. Sharti nililopewa alilitimiza. Lile jina lilitosha kulifungua komeo, nami nikaanza kulifungua.

Hapo sauti ikatoka juu ya ngazi. “Baba Mwanaidi!”

Ilikuwa ya Bi Zuwena, na kile kikohozi chake kidogo cha mwisho.

“Naam, Bibi.”

“Usifungue. Huyo ndiye.”

“Ametaja jina, Bibi. Na la mama yake.”

“Na majina huibwa. Wewe na mafundi wako mmekuwa mkiita Mwanaidi, Mwanaidi, mlangoni hapo kila siku. Ukifungua mara hii hatatoka tena. Mwache anyamaze mwenyewe. Hunyamaza.”

Nikaliachia komeo, nikarudi kitini.

Nje akaanza kugonga kwa kiganja. Nyuma ya mlango ule ni kichochoro kati ya magofu mawili, na mafundi walikuwa wamekiziba upande mmoja kwa mawe yao. Hakuna nyumba ya mtu karibu. Nilimsikia akiniita baba. Kisha akamwita mama yake, aliyeko Tanga. Kisha akaita yeyote. Kila nilipotaka kuinuka, sauti ya juu ilisema kwa upole, “Anakaribia kunyamaza.” Nikaweka vidole masikioni nikasoma aya ninazozijua, huku nikijiona mchamungu. Hakika nilijisifu moyoni kwamba safari hii sikudanganyika.

Na kweli akanyamaza.

Watu wakatoka msikitini. Kibwana alikuwa wa kwanza kurudi, akapitia kichochoroni kuchukua ndoo zake. Nikasikia kishindo, kisha mlango ukapigwa hata vumbi likadondoka.

“Mzee, fungua! Ni Mwanaidi!”

Mnajua nilimjibu nini? Nilisogea mlangoni nikamuuliza, “Mama yako nani?”

“Una wazimu wewe?” Akaupiga teke mlango ule wa mambo ya kale, ambao hata sisi hatukuruhusiwa kuupaka mafuta, mpaka komeo likang'oka.

Mwanaidi alikuwa amelala kizingitini, mgongo umeegemea mlango, kwa hiyo ulipofunguka alidondokea ndani, kichwa kikafikia miguuni pangu. Mtoto alikuwa amekwisha kuzaliwa. Alikuwa msichana, ana nywele nyingi. Mwanaidi alikuwa amemfunika kwa kanga yake na kumkinga jua kwa mkono, na mkono ulikuwa bado umekaa hivyo hivyo. Mtoto alikuwa hana uhai.

Kibwana akambeba Mwanaidi mikononi hadi kwenye bajaji. Mimi nilikimbilia juu. Nilikuwa na hasira, nilitaka kumlaumu mtu. Chumba cha Bi Zuwena nilikikuta kimefungwa kwa kufuli, kwa nje. Mpishi, aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia na samaki wake, akaniambia kutoka chini: “Unamtafuta Bibi? Mpwa wake kamchukua alfajiri, wamekwenda Dar kwa daktari wa macho. Hukujua?”

Pale juu ya ngazi, mahali sauti ilipokuwa, sakafu ilikuwa imetota maji masafi.

Hospitali walimwokoa Mwanaidi, lakini walisema hatazaa tena. Mtoto tulimzika alasiri ile ile. Nilinyoosha mikono nimpokee nimteremshe kaburini. Shabani, aliyefika na tope la shambani miguuni, akamtoa mikononi mwangu, akampa mtu mwingine.

Bi Zuwena aliporudi nilimweleza yote, karibu, ufagio, maji, yote. Nilitarajia aseme ni kazi ya yule, si yangu. Alinisikiliza na bandeji machoni.

“Mimi nilikuambia umuulize,” akasema. “Alipojibu, nani alikuambia usifungue?”

“Ni wewe, Bibi. Sauti yako.”

“Ulipanda ukaniona?”

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu kuhusu jambo hili. Alifariki kabla mvua za masika hazijaisha. Mimi niliacha kazi.

Mlango bado upo. Haukuzibwa tena, kwa sababu kuuziba nako kunahitaji ruhusa, na wanaotoa ruhusa wanataka sababu inayoandikika. Wamelitengeneza komeo kama lilivyokuwa. Wageni hupiga picha pale, wanakaa kizingitini, wanausifu uzee wa mbao. Nasikia kijana anayesimulia historia sasa huwa anakitaja kile kipande cha yule mwanamke, na wageni wanakipenda. Cha binti yangu hakisemi.

Mwanaidi aliachana na Shabani, yuko Lugoba, anauza chai kando ya barabara kuu. Chumba chake hakina mlango. Alikikuta nao, akaung'oa, akatundika pazia tu. Majirani wanamwona kichaa, na ameshaibiwa mara mbili. Nikienda ananipa shikamoo yake, ananipa chai, ananiuliza miguu yangu inaendeleaje. Mara moja tu nilijikaza nikamwomba msamaha. Alikuwa anafuta meza. Hakuacha kuifuta.

“Baba, nilikutajia jina langu,” akasema. “Nikakutajia na la mama. Ulitaka la nani tena?”

Angenitukana ningeweza kulala.

Kwa hiyo sikuambieni muogope hodi za mchana. Mwogopeni mwenye hodi kama mnataka, yule alikufa kwa kiu na ana haki ya kuudhika. Lakini komeo hakulishika yeye. Usiku na mchana nyumba zetu zimejaa sauti zinazotuambia tusifungue, nazo husema kwa upole, kwa jina tunalolipenda, kwa kikohozi tunachokijua. Mtu akilia mlangoni kwako na sauti ya juu ikakuambia kaa kimya, usiitii ukiwa umekaa kitini. Panda. Mtazame uso anayesema. Mimi sikupanda, na ngazi zenyewe zilikuwa chache, hata mzee mwenye miguu mibovu angefika.